Habari Zisizo na Isnadi
(Mhadhara uliotolewa Sumbawanga mjini)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumsalia Mtume Wake (S.A.W.), tungependa kuzungumzia jambo ambalo sisi watu wa Ufipa tumeliona likitokea pasina kulitilia maanani: kutoweka kwa gazeti mikononi mwa watu.

Wakubwa wetu wanakumbuka zama ambazo gazeti liliondoka Dar es Salaam, likapita Mbeya na Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, likafika hapa limeshapitwa na tarehe yake. Hata hivyo lilisomwa na watu kumi, kisha likafungiwa maandazi na kusomwa tena. Leo barabara ya Tunduma ina lami, na gazeti ndilo lisilotafutwa. Kijana wa Laela au Matai anazo habari katika simu yake kabla ya alfajiri.

Je, tumepoteza nini? Si karatasi. Neno letu "habari" linatokana na khabar, nalo ndilo neno walitumialo wanazuoni wa Hadithi. Kwao khabari haikupokelewa mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani. Na Suratul-Hujuraat, aya ya 6, imetuamuru kuhakikisha. Gazeti, pamoja na aibu zake (nazo zilikuwa nyingi, hasa lilipotuandika sisi), lilikuwa na mhariri, tarehe na anuani. Aliyesingiziwa aliujua mlango wa kubisha. Ujumbe wa simu unaoanza "nimetumiwa, nami nawatumia" hauna mlango. Katika mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, hatuna haja ya kueleza uvumi mmoja juu ya bibi kizee waweza kuzaa nini.

Wala kuhamia mtandaoni si kuepukana na mkono wa dola: Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni ya Mwananchi.

Lililo zito zaidi ni ujira. Mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, mkulima wa Ufipa alihitaji mtu wa kwenda magulioni na maghalani, aulize, arudi na jibu lenye jina lake chini. Mtu huyo hula, na hulipa nauli. Mauzo ya gazeti na matangazo ndiyo yaliyomlipa, ingawa kidogo. Sasa matangazo yanakwenda kwa makampuni ya ng'ambo, ambayo hayatatuma mtu Kalambo kuuliza bei ya gunia.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mapema katika miaka ya 1930, alianza na Sahifa, kijikaratasi tu, kisha Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Hazikudumu, lakini makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, na zingali zikisomwa.

Nasi twachangia saruji ya misikiti kila mwaka. Tunapendekeza kila msikiti uwalipie nauli vijana wawili wahakikishe habari za kata yao, waandike hata kwa simu, na majina yao yaonekane. Wenye maoni wayalete kwa maimamu wao baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.