Nchi Jirani: Amri Haimshibishi Mtoto

Ndugu msikilizaji, askari aliyewahi kushika lindo usiku anaijua thamani ya macho. Anajua tofauti ya kivuli cha mti na kivuli cha mtu. Yako maradhi yanayomnyang'anya mtoto uwezo huo kabla hajaanza shule. Jua likishatua, mtoto hujikwaa kwenye kigoda, hupapasa ukuta, na kikombe kilichowekwa mbele yake hakioni. Huo ni upofu wa usiku, nao ni dalili ya upungufu wa vitamini A. Mtoto asipotibiwa aweza kupofuka kabisa, na surua au kuhara kukimpata, mwili wake hauna nguvu ya kupigana.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mtoto huyo si lazima awe na njaa. Aweza kushiba ugali mweupe kila siku na bado akaikosa vitamini hiyo, ilhali imo katika mchicha, matembele, kisamvu, boga, karoti, papai na embe bivu, vyakula vinavyoota karibu na milango yetu. Lakini ni wazazi wangapi hulalamika kwamba mtoto huila nyama na kuziacha mboga pembeni mwa sahani? Katika mazungumzo ya leo tutatazama jinsi ndugu zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, walivyolikabili tatizo hilo.

Jimbo la Zambezia si geni kwa wapiganaji wetu. Wanajeshi wa Tanzania walikuwapo huko mwaka 1987 na 1988, wakati wa vita vilivyokuja kumalizwa kwa mkataba wa amani wa Oktoba 1992. Silaha ziliponyamaza, adui mwingine alibaki majumbani. Wananchi waliishi kwa mihogo na mahindi. Viazi vitamu walivilima, lakini vingi vilikuwa vyeupe ndani, navyo havina vitamini A ya kutosha. Wataalamu wakaleta mbegu ya viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, ile rangi ya boga lililokomaa. Gramu 125 tu za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja kidogo, zaweza kumtosheleza mtoto mdogo mahitaji yake ya vitamini A kwa siku.

Ndipo lilipozuka swali: watu watavila? Watu wazima walizoea kiazi kikavu chenye unga, na hivi vipya vilikuwa laini na vya majimaji. Laiti wataalamu wangetegemea amri, kazi ingekufa siku ile ile. Badala yake waliifanya rangi yenyewe kuwa bendera ya kazi yao. Magari yalipakwa rangi ya machungwa, na vibanda vya sokoni vikapakwa vivyo hivyo. Nyimbo ziliimbwa, michezo ya kuigiza ikachezwa vijijini, na redio ikavitangaza viazi hivyo kuwa ni kitamu kiletacho afya. Waokaji waliviponda wakavichanganya na unga wa ngano, ukatoka mkate wa rangi ya dhahabu. Watoto hawakuhitaji kubembelezwa, kwa kuwa ulaini na utamu ule uliowatia shaka wakubwa ndio hasa walioupenda wao.

Matokeo yake yalipimwa kwa damu ya watoto wenyewe. Katika kaya zilizoshiriki, watoto wenye kiwango kidogo cha vitamini A walikuwa 60 katika kila 100; mradi ulipofikia mwisho walikuwa 38. Mwaka 2011 Msumbiji ilitoa aina 15 za viazi hivyo zinazostahimili ukame. Na mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilikwenda kwa Maria Andrade, Jan Low, Robert Mwanga wa Uganda na Howarth Bouis kwa kazi yao ya kuongeza virutubisho katika mazao. Hata hivyo, wale 38 waliosalia wanatukumbusha kwamba vita hivi havijakwisha.

Ndugu msikilizaji, sisi tulio katika majeshi twajifunza nini? Kwanza, twajifunza kwamba amri ina mahali pake. Kwenye gwaride neno moja hugeuza kikosi kizima. Kwenye sahani ya mtoto neno hilo hilo huleta machozi, na mboga ikawa adhabu. Mtoto huvutwa na rangi, na utamu, na mfano wa wakubwa. Baba anayeisukuma mboga pembeni mbele ya mwanawe asishangae mwana akimwiga.

Pili, mtoto hupenda kula alichokipanda. Mpe mtoto tuta lake nyuma ya nyumba, hata kama ni kota yenye uwanja mdogo. Mwachie achomeke marando ya viazi mwenyewe, ayamwagilie maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni, na siku ya kuchimba awe yeye wa kwanza kukitoa kiazi ardhini. Majani yake ni matembele, hivyo tuta moja hutoa mboga na chakula pia.

Tatu, jikoni pafanyiwe ubunifu. Kiazi kilichopondwa hukandwa katika unga wa chapati. Papai hukatwa vipande na watoto wakahesabu rangi zilizomo sahanini. Matembele huungwa kwa karanga, maana vitamini A huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Lakini mtoto aliyekwisha kuonyesha dalili za upofu wa usiku asingojewe mavuno. Apelekwe zahanati mara moja.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Askari hulinda mipaka ili watoto wa nchi walale salama. Ulinzi huo hautakamilika iwapo mtoto wake mwenyewe, giza linapoingia, hamwoni baba yake akirudi kutoka zamu.