Mtu Hana Kipuri



Kuna kijana alikuja kwangu, kazi yake ya kompyuta imeisha. Akaniambia, "Mama, mimi sasa si kitu." Tuliongea siku nyingi. Leo amepata nguvu, na anataka kazi yake iwe kuwasaidia wengine wajithamini.

Nilimpa mfano wa Chade-Meng Tan, mzaliwa wa Singapore, aliyekuwa mhandisi wa Google. Mwaka 2007 alianzisha pale pale kazini mafunzo ya kujitambua na kutawala hisia. Kitabu chake kikatoka 2012, naye akaondoka 2015. Mnaona? Hakuruka gizani. Alianza na wenzake, mshahara ungali mkononi.

Basi nikamwambia: vizuri, mwanangu, lakini kidonda chako kipone kwanza. Halafu usome. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2014 inataka washauri nasaha wasajiliwe. Ukikutana na mtu anayetaka kujiua, usijaribu peke yako. Mfikishe kwa mtaalamu upesi.

Kompyuta ikiharibika, unabadilisha kipuri. Mtu hana kipuri, jamani. Mtu anasikilizwa.