Mchango Ukitoka Mkononi Unakwenda Wapi?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya kura juu ya mchango wa kituo cha watoto cha Igogo.)



Kamati imenitaka niseme machache kabla hatujapiga kura. Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Katika kata ya Igogo kipo kituo kidogo cha kutwa kinachoendeshwa na akina mama. Watoto hupata hapo chakula cha mchana, hufanya mazoezi ya shule, na jioni hurudi kwa bibi zao, shangazi zao au mama zao. Akina mama hao wametuandikia barua kuomba msaada, nasi tumegawanyika. Wako wanaosema tununue mchele, sabuni na nguo, tupeleke siku moja, tupige picha, tumalize. Wako wanaosema tusitoe kitu, maana michango huliwa. Kwa heshima yote, mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na nitaeleza kwa nini.

Wale mnaokaa mbali mmeanza kuisahau Igogo. Ukitoka mjini kwa barabara ya kwenda Mkuyuni na Butimba, ziwa na reli viko upande mmoja, na upande wa pili nyumba zimepanda mlima katikati ya mawe. Nyingi hazifikiwi na gari. Mgonjwa hubebwa mpaka barabarani, na mfuko wa saruji hupandishwa begani. Watu wengi wa huko huondoka alfajiri kwenda kutafuta riziki ya siku hiyo: mama anakaanga mapanki, baba anabeba mizigo, kijana yuko mwaloni. Mtoto akirudi kutoka shule saa nane hamkuti mtu nyumbani. Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, nalo lilikuwa jambo jema sana. Lakini sare, viatu, madaftari na tumbo la mtoto havikufutwa. Hilo ndilo pengo ambalo akina mama wale wanajaribu kuliziba.

Sisi watu wa Mwanza hatuna upungufu wa moyo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa karibu kufika mjini kwetu, mimi nilikuwa kidato cha pili katika shule hii. Wanaokumbuka siku zile wanajua jinsi watu walivyotoa shuka, maji, chakula na nguvu zao bila kuulizwa kabila wala dini. Waliokosa wa kuwatambua walizikwa pale Igoma kwa heshima kama ndugu zetu wote. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo, basi, tunao. Tunachokosa mara nyingi ni daftari, na wahenga hao hao walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu Mwenyekiti, nianze na wale wanaotaka tupeleke vitu. Nia yao ni njema. Lakini kazi yangu serikalini ni kupokea na kupitia taarifa za vikundi na mashirika, na kwa miaka mingi nimeona jinsi kituo kinavyoweza kuwa na marobota ya nguo yaliyojaa mpaka dari huku mwenye nyumba akidai kodi yake. Desemba kila mtu analeta sabuni. Machi hakuna anayekumbuka. Mpishi hawezi kulipwa kwa sabuni, wala ankara ya maji hailipwi kwa viatu visivyomtosha mtoto yeyote. Anayetoa kitu bila kuuliza amejipa kazi ya kuamua shida za mwenzake, na shida za nyumba huzijua mwenye nyumba.

Watu wengi wakisikia kwamba fedha yao italipa mshahara wa mpishi au mlinzi, hukunja uso. Wanaona fedha ya mtoto imeliwa na mtu mzima. Hebu tufikiri. Uji haujipiki. Mchele usiolindwa usiku haufiki asubuhi. Tazameni Bugando, hospitali yetu kule kilimani. Ilijengwa kwa msaada mkubwa wa Wakatoliki wa Ujerumani kupitia shirika lao la Misereor, na ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1972 ilichukuliwa na Serikali, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Kanisa, Serikali ikiendelea kushirikiana nalo. Jengo lilitolewa mara moja tu. Lakini muuguzi, dawa, umeme na maji vinatakiwa kila siku ya Mungu, miaka zaidi ya hamsini sasa. Aliyetoa jengo alifanya jambo kubwa, na aliyelipa muuguzi alilifanya jengo lile liwe hospitali.

Sasa nije kwa ndugu zangu wanaosema michango huliwa. Nao hawasemi uongo. Lakini kinachowaudhi watu si wizi peke yake. Mara nyingi ni kutokuelezwa.

Tuchukue mambo mawili yaliyotokea katika kanda hii ya ziwa. La kwanza ni tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016. Watu zaidi ya 15 walifariki na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa. Nchi nzima ilichanga. Mwezi haujaisha, kukazuka habari ya akaunti ya pili ya benki yenye jina linalofanana na ile ya kamati ya maafa, na watumishi wawili wakubwa wakaondolewa kwenye nafasi zao. Kisha, Januari 2017, Rais Magufuli alieleza pale Bukoba kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, bali itarudisha kwanza majengo ya umma kama shule na zahanati. Shule ya Ihungo, ambayo wengi wetu tuliijua kwenye mashindano ya michezo, ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Sisemi uamuzi ule ulikuwa mbaya. Shule ni ya watoto wa wote. Lakini wako wengi waliotoa fedha wakiamini zinakwenda kuezeka nyumba ya bibi fulani, na wako waathirika waliokuwa wakingoja bati. Hao waliumia. Iwapo matumizi yanatajwa baada ya fedha kukusanywa, hata matumizi mema huonekana kama udanganyifu.

La pili ni la hapa mkoani kwetu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilijengwa kubeba abiria 101, na waliofariki walipita 220. Watu walichanga tena. Familia zilipewa mkono wa rambirambi, na ikatangazwa kwamba fedha nyingine zijenge kituo cha afya cha Bwisya, mahali pale pale palipotokea msiba. Hakuna fedha inayomrudisha marehemu. Hata hivyo mama mjamzito wa Ukara, ambaye zamani alilazimika kuwazia kivuko kila uchungu ulipomjia, anaweza kuonyesha kwa kidole mahali mchango ulipokwenda. Mchango mwema uonekane kwa kidole namna hiyo.

Pengine mtasema haya ni mambo ya Serikali na mamilioni, sisi tunazungumza habari ya kituo kimoja cha Igogo. Basi nitawarudisha kwa babu zetu. Kabla ya Uhuru, wakulima wa pamba wa Usukuma walishuku kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja. Hawakuacha kulima pamba, wala hawakukaa kulalamika chini ya mwembe. Waliweka watu wao wenyewe wa kusimama kwenye mizani na kusoma uzito mbele ya macho ya mkulima. Kutokana na juhudi za namna hiyo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Cooperative Unions, akiongoza Paul Bomani, ambayo ilikuja kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Hayo yote yalianza na mtu mmoja mwaminifu aliyesimama kando ya mizani. Ukishuku mizani, isimamie. Ukiacha kulima, njaa ni yako.

Mizani ya mchango ni ipi? Siyo siri, na haihitaji shahada. Kwanza, kikundi kiwe kimeandikishwa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yanayoandikishwa chini yake kutoa taarifa ya kazi na fedha kila mwaka, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina masharti yake kwa wanaolea watoto. Kuomba kuona cheti si kumtukana mtu. Pili, fedha ziingie katika akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, wala zisitumwe kwenye simu ya mtu binafsi hata akiwa mtu mwema kama malaika. Tatu, kila kinachopokelewa kiandikwe siku ile ile na mtoaji apewe stakabadhi, iwe ni shilingi elfu mbili au debe la mahindi. Nne, matumizi yasomwe mbele ya wazazi wa watoto wenyewe, kwa lugha wanayoielewa. Mfadhili anaweza kudanganywa kwa karatasi nzuri. Mama ambaye mtoto wake alikosa uji Jumanne hadanganyiki.

Lakini mizani ina sahani mbili. Anayepokea anawajibika kutoa hesabu, nasi tunaotoa tunawajibika kumpa heshima yake. Mtoto wa Igogo asipangwe mstari ameshika ndoo ya plastiki ili sisi tupate picha ya kutundika. Siku moja atakuwa mwanafunzi wa shule hii, ataketi kwenye kiti hicho ulichokalia wewe, na picha ile itamfuata. Tukitaka picha, tupige picha ya daftari la hesabu lililofungwa vizuri. Hiyo haimwaibishi mtu.

Nanyi vijana wa shule, najua wengine mnasema moyoni, haya ni ya wazee wenye mishahara. Sivyo. Mnayo hesabu, Kiingereza na Jumamosi. Mtoto wa darasa la tano anayeelekezwa sehemu na desimali na kijana wa kidato cha tatu anapata kitu ambacho fedha yetu haiwezi kukinunua. Ila nawaombeni jambo moja: mkianza, endeleeni. Msiende mara moja kwa shangwe, halafu watoto wakawangoja Jumamosi inayofuata wakiwa wamekaa juu ya mawe. Ahadi kwa mtoto ni deni. Na wale wanaosoma biashara, nendeni mkasaidie kufunga vitabu mwisho wa mwezi. Akina mama wale wanajua kila senti ilikokwenda, tatizo ni kwamba nyingi zimeandikwa kichwani.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na pendekezo ambalo naomba liingizwe katika kura yetu. Badala ya kukusanya fedha nyingi siku moja na kununua vitu, tujifunge kutoa kidogo kidogo kwa miaka 2. Tukipata watu 60 tu, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi 300,000 kila mwezi, na kwa miaka 2 ni shilingi 7,200,000. Tusiwaandikie akina mama orodha ya kununua. Wao watuandikie sisi, kabla hatujaanza, mambo watakayolipia: kodi ya nyumba, mpishi, maji, unga, maharage. Tuchague watu wawili miongoni mwetu, mmoja awe anakaa hapa Mwanza, wakazungumze nao kila robo mwaka na kuona vitabu. Taarifa ya ukurasa mmoja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule hii, vijana waisome, na nyingine ibandikwe mlangoni kwa kituo, wazazi waisome. Hesabu isipoletwa, tusimame na kuuliza kwanza, tusikimbie. Ikiletwa, nasi tusichelewe kutoa, maana mwenye nyumba hangoji mkutano wetu wa mwaka.

Ninajua shilingi 5,000 za mwezi hazina sherehe. Hakuna atakayepigiwa makofi kwa kulipia maji. Lakini mwezi wa Machi, watakapokuwa wamesahauliwa na wengine wote, sufuria litakuwa jikoni pale Igogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha namna hiyo ndicho ninachowaombeni tukijaze.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, karibu na mlango. Ya kwanza imekwisha kujazwa.