Pima Kwanza, Betri Baadaye

Maoni yangu leo yanahusu betri ya gari, hasa ile inayokufa bila mtu kujua imekufia nini. Jioni umezima gari likiwa zima. Asubuhi unapiga stata, unasikia tik-tik-tik, taa za dashibodi zinafifia, basi. Majirani wanaitwa kusukuma. Na kabla gari halijafika barabarani, mtu ameshasema: "Hiyo betri imekufa, nunua nyingine."

Kauli hiyo imekula pesa za wakulima, walimu na wenye matatu wengi katika kaunti za Kitui na Makueni. Betri mpya inafungwa, wiki kadhaa zinapita, nayo inakufa vilevile, kwa sababu kilichoiua ya kwanza bado kimo ndani ya gari. Mgonjwa haandikiwi dawa kabla ya kupimwa, na ninaomba gari nalo litendewe hivyo.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hii tunayoifunga kwenye gari kama Toyota Probox leo inafanya kazi kwa kanuni ileile. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Kwa hiyo betri iliyojaa, ikishapumzika usiku kucha, husoma volti 12.6 hivi kwenye mita ya umeme. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikishuka hadi 11.9, hesabu kwamba ni tupu, hata kama redio bado inaimba.

Sasa washa injini. Mita inatakiwa ipande hadi kati ya volti 13.8 na 14.5, maana oltaneta inarudisha chaji. Isipopanda, usiilaumu betri, inakosa chakula. Angalia mkanda, halafu oltaneta yenyewe. Na ikipita volti 15, oltaneta inaichemsha betri na kuikausha maji. Kabla ya yote hayo, fungua boneti utazame vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, au ukishika kichwa kikacheza kwa mkono, safisha na ukaze kwanza. Barabara zetu za changarawe hulegeza vitu. Kazi yote hii ni ya dakika kumi, na mita ndogo ya dukani ni bei ya chini sana ukilinganisha na betri.

Lakini kuna gari ambalo betri yake inapima vizuri, oltaneta inachaji vizuri, na bado likilazwa haliwaki. Hapo ndipo watu hutaja uchawi, au hununua betri ya tatu. Ukweli ni kwamba kuna umeme unaovuja gari likiwa limezimwa.

Nilishuhudia kazi hii katika gereji ya jua kali mjini Wote. Mzee mmoja, mkulima wa maembe kutoka upande wa Kathonzweni, alileta Probox yake. Msimu wa maembe gari hilo hukimbia kutwa na halimsumbui. Msimu ukiisha, akiliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haliwaki. Fundi alipima betri akamwambia, "Mzee, betri yako ni nzima." Mzee akajibu, "Kijana wangu, nzima vipi na kila Jumatatu nasukumwa?" Fundi akamwomba nusu saa.

Alitoa ufunguo, akafunga milango yote, akaacha boneti tu wazi. Akafungua waya wa hasi kwenye betri, akaiweka mita katikati, mguu mmoja kwenye waya na mwingine kwenye kichwa cha betri, ili umeme wowote unaotoka upitie humo. Kisha akangoja. Kungoja ni lazima, kwa sababu kompyuta ya gari huchukua muda kabla ya kutulia. Gari lililotulia halitakiwi kula zaidi ya ampea 0.05. Hili lilikuwa linakula 0.45.

Akaanza kuchomoa fyuzi mojamoja, jicho kwenye mita. Ya honi, hakuna kitu. Ya redio, hakuna kitu. Alipochomoa fyuzi ya taa za ndani, mita ilianguka hadi 0.03. Tukaenda nyuma. Swichi ya mlango wa nyuma ilikuwa imejaa vumbi jekundu, imekwama, na taa ndogo ya mizigo ilikuwa inawaka mchana na usiku. Juani haionekani, na usiku makreti yanaiziba.

Fanya hesabu, msikilizaji. Taa ya wati 5 hula kama ampea 0.4. Kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Zidisha, unapata ampea-saa 24. Betri ya mzee ilikuwa ya ampea-saa 45. Zaidi ya nusu imekwenda kwa taa ambayo hakuna aliyeihitaji. Swichi ilisafishwa kwa brashi na spiriti, na mzee akarudi nyumbani na betri ileile.

Si taa peke yake. Magari yetu yamejaa vitu vilivyoongezwa baada ya kutoka Japani: alamu, amplifaya ya muziki, kifaa cha kufuatilia gari kilichowekwa na mkopeshaji. Matatu nazo zina vidhibiti mwendo tangu sheria za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zianze kutekelezwa mwaka 2004. Kila kifaa kina waya wake, na kama aliyeufunga alikuwa na haraka, huenda aliuchukua moja kwa moja kutoka kwenye betri, mahali ambapo ufunguo hauuzimi. Oltaneta pia huvuja, diodi zake zikiharibika. Asubuhi kabla ya kuwasha, iguse kwa mkono. Gari limelala usiku kucha, kwa hiyo inapaswa kuwa baridi. Ukikuta ina joto, umempata mwizi.

Na wakati mwingine hakuna ubovu wowote. Wengi wetu tunafanya kazi Nairobi au Mombasa, gari limebaki nyumbani Kitui, linawashwa mwisho wa mwezi. Hata ile ampea 0.05 ya halali, kwa siku 18 humaliza karibu nusu ya betri ya ampea-saa 45. Gari la namna hiyo linahitaji spana namba 10 tu: fungua waya wa hasi kabla ya kuondoka.

Njia hiyohiyo ni kipimo kwa asiye na mita. Ichaji betri ijae, fungua waya wa hasi usiku, urudishe asubuhi. Gari likiwaka vizuri, na likiachwa na waya haliwaki, basi gari ndilo linalokula umeme. Likikataa hata waya ukiwa umefunguliwa, betri yenyewe imechoka, na hapo sasa una haki ya kununua nyingine.

Nisiseme kwamba betri hazifi. Kwetu zinakufa mapema, na joto ndilo linaloziua. Kule Kibwezi na Mtito Andei jua linachoma, na kadiri joto linavyozidi ndivyo betri inavyopoteza maji na sahani zake kuliwa. Kama betri yako ni ya kufunguliwa, kagua maji mara kwa mara, na ujaze maji ya betri yanayouzwa dukani. Usijaze ya kisima. Maji mengi ya visima vyetu vya Ukambani yana chumvi, na madini hayo huziharibu sahani. Usivute sigara karibu nayo pia, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niling'ang'anie jambo hili. Betri inayotupwa huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, na risasi iliyomo ndani ni sumu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Watoto walipatikana na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufaa, uamuzi ukatenguliwa, na ni Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu iliporejesha uamuzi huo. Kila betri nzima tunayoitupa kwa kubahatisha inaongeza mzigo wa sumu hiyo mahali fulani.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwako mwenye gari: usitoe pesa ya betri kabla hujaonyeshwa namba kwenye mita. Kwako fundi: mwite mteja asome mwenyewe, utamfanya wako wa kudumu. Na kwa serikali za kaunti za Kitui na Makueni: Katiba ya 2010 iliwakabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini. Hakikisheni kijana anayesomea umeme wa magari hatoki humo kabla hajajua kutafuta uvujaji kwa mita, na wekeni mahali pa kukusanyia betri zilizokufa kweli, ili zisiishie kuvunjwa kwa nyundo nyuma ya nyumba za watu.

Hayo ndiyo maoni yangu.