Kumhesabu Mtu Kabla ya Kumjengea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Jumuiya ya Waislamu)



Kisa cha Nabii Yusuf, alayhi ssalaam, kinajulikana na kila mtoto wa chuoni. Mfalme wa Misri alipoota ndoto yake, Yusuf hakuishia kuifasiri. Alitoa na shauri la kuweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida. Makazi ya watu nayo yahitaji shauri la namna hiyo. Nafaka haivunwi siku ya njaa, wala kiwanja hakipimwi siku ile mgeni amekwisha fika na mzigo kichwani.

Mji wenye busara huanza kwa kuhesabu watu. Sensa huuambia mji una watu wangapi, wameongezeka kiasi gani tangu sensa iliyopita, na kila nyumba inakaliwa na watu wangapi. Ukichukuliwa mfano wa Lilongwe, mwaka 1966 mji ule ulikuwa na watu wasiotimia 20,000. Mwaka 2008 walikuwa karibu 670,000, na sensa ya mwaka 2018 ikawakuta 989,318. Yaani katika miaka kumi waliongezeka zaidi ya watu laki tatu. Ikiwa kila jamaa ni watu wanne au watano, jamaa hizo zilihitaji nyumba elfu saba hivi kila mwaka, nazo ni karibu nyumba ishirini kila siku, Ijumaa na Jumapili zikiwamo.

Hapana serikali ya nchi maskini iwezayo kujenga nyumba ishirini kila siku. Wala si lazima. Wananchi wenyewe hufyatua matofali, huezeka, na huhamia. Lisilowezekana kwa mwananchi mmoja ni kuacha nafasi ya barabara, kulaza bomba la maji, kuchimba mfereji wa mvua, na kutenga uwanja wa shule, wa soko, wa msikiti na wa makaburi. Kazi hiyo ndiyo ya mji, nayo ni rahisi kabla ya nyumba kusimama. Nyumba zikisha simama, bomba halipiti ila kwa kuvunja ukuta wa mtu, na gharama hulipwa mara mbili.

Lilongwe si mji uliokosa mipango. Rais Kamuzu Banda alipotaka kuuhamisha mji mkuu kutoka Zomba, liliundwa mwaka 1968 shirika maalumu la kuujenga mji mkuu mpya, na mwaka 1975 serikali ikahamia huko. Mitaa ikapewa namba, Area hii na Area ile, kwa jinsi ilivyopimwa, si kwa jinsi ilivyopakana. Ndiyo sababu mgeni hupotea akidhani namba zinafuatana. Zilitengwa pia sehemu ambazo watu wa kipato kidogo walipewa kiwanja kilichopimwa, na maji ya bomba la pamoja, kisha kila mtu akajijengea kwa kadiri ya uwezo wake. Shauri hilo lilikuwa jema. Ila viwanja vilitolewa kwa mamia, na watu wakaja kwa maelfu.

Waliokosa kiwanja hawakurudi makwao. Walikwenda kwa wenyeji wa ardhi, wakanunua kipande, wakajenga. Ndivyo mitaa kama Mtandire na Chinsapo ilivyojaa. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lilipotoa maelezo yake juu ya mji huo mwaka 2011, lilikadiria kwamba kama robo tatu ya wakazi wa Lilongwe wanakaa katika mitaa isiyopimwa. Mwaka 2010, kwa msaada wa Japani, ulikwisha tungwa mpango mkubwa wa mji unaotazama hadi mwaka 2030. Mpango wowote wa namna hiyo hupimwa kwa swali moja: je, ile robo tatu imo katika hesabu, au imeachwa nje ya ramani?

Kutoka Lilongwe, mwendo wa kilomita arobaini na kitu kuelekea kaskazini, katika wilaya ya Dowa, ipo Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza la watu wa siasa, na jina lake katika Chichewa lina maana ya kuacha, kana kwamba mfungwa anaahidi kutorudia. Mwaka 1994 palifunguliwa kambi ya wakimbizi, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Iliandaliwa kwa watu 10,000 mpaka 12,000. Ilipofika mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno haya. Lilongwe ilipangwa, lakini watu wakaipita hesabu. Dzaleka haikupangwa kuwa mji, kwa kuwa iliitwa mahali pa muda. Neno hilo “kwa muda” ni ghali kuliko saruji. Kwa ajili yake bomba halilazwi, njia haipanuliwi, na nyumba ya tofali bichi hufunikwa turubai, mvua baada ya mvua. Mtoto aliyezaliwa hapo mwaka 1994 sasa ni mtu mzima mwenye watoto, naye bado anahesabiwa kuwa ni mpita njia.

Sera ya Malawi inamtaka mkimbizi akae kambini. Mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei wengi walikamatwa Lilongwe, watoto wakiwamo, wakapelekwa huko. Serikali ina hoja zake, na haifai kuzidharau: nchi ni ndogo, ardhi ni haba, na Malawi hiyohiyo ilipata kuwapokea watu wa Msumbiji zaidi ya milioni moja wakati wa vita vyao. Walakini hata amri ya kurudi ni jambo la nyumba. Anayeambiwa arudi yapasa pia aambiwe alale wapi, na mahali palipokwisha jaa mara nne hapajibu swali hilo.

Nchi jirani zinaonyesha kwamba njia nyingine ipo. Uganda humpa mkimbizi kipande cha ardhi ajenge na alime, kama ilivyo Nakivale. Nchini Kenya, karibu na Kakuma, makazi ya Kalobeyei yalianza mwaka 2016 yakiwa yamechorwa kama mji, wenyeji wa Turkana na wageni watumie shule na zahanati zilezile. Wala hazikukosa matatizo, lakini zilianza na hesabu ya wote wawili, mgeni na mwenyeji. Wanavijiji wa Dowa nao wana haki hiyo, maana kisima kikikauka hukauka kwa wote.

Waislamu wana mfano ulio karibu zaidi. Mtume, salla Allahu alayhi wasallam, alipohamia Madina, aliwaunga Muhajirina na Ansari udugu, mtu kwa mtu. Mgeni hakuachwa kuwa kundi lisilo na majina. Kila mmoja alijulikana ni nani na yuko kwa nani.

Basi jumuiya yaweza kuanza bila kungoja. Iandikwe daftari ya kila jamaa, ya Kiislamu na isiyo ya Kiislamu, iliyo katika mtaa: watu wangapi, vyumba vingapi, maji wayapata wapi. Pajulikane mahali maji ya mvua yapitapo, asijenge mtu hapo. Njia ya machela na ya jeneza iachwe wazi baina ya nyumba. Eneo la makaburi litengwe mapema, kwani hilo ni makazi yasiyokosa mkazi. Kisha daftari hiyo ipelekwe kwa adabu mbele ya wakuu wa kambi, wa wilaya na wa mji. Afisa aweza kuyasahau malalamiko. Orodha yenye majina na idadi ni vigumu kuisahau.

Mwenyezi Mungu awajaalie wenyeji subira, awape wageni sitara, na awaongoze wenye amri wawahesabu watu wote walio chini yao. Amin.