Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Nyumba

Leo tuzungumze juu ya nyumba ya urithi, ile ya vyumba sita na uani, iliyoachwa na mzee pale Ilala, Magomeni au Temeke.

Matanga yakishaanuliwa, ndugu huketi kikao. Huteuliwa mmoja, mara nyingi kaka mkubwa, akathibitishwe na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza pale karatasi ya mahakama inapogeuzwa kuwa hati ya utawala. Kaka anapokea kodi ya wapangaji, anabadili kufuli ya chumba cha mdogo wake bila hodi, na akiulizwa hesabu hujibu: "Mkubwa hapa ni mimi."

Sheria haisemi hivyo. Msimamizi hukusanya mali ya marehemu, hulipa madeni, kisha huwagawia warithi. Sheria ya Mirathi ya Tanzania, Sura ya 352, humtaka apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 tangu kuteuliwa, na hesabu ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake, lakini nako hesabu hudaiwa.

Hata hivyo, tusimwonee mkubwa peke yake. Wako wadogo wanaoonekana siku ya kodi tu. Bati likivuja au choo kikijaa, utawasikia: "Kaka atajua." Mtu akiachiwa mzigo wote, si ajabu siku moja akaona na mali yote ni yake.

Na yuko dada anayeishi na mama mjane. Humwogesha, humpikia na kukesha naye anapougua. Kwenye kikao jina lake halitajwi, kwa sababu hakutoa fedha. Tena kaka anayetuma fedha humpigia simu kumwamuru mama ale nini na alale saa ngapi! Mtuma fedha ana haki ya kushauri, lakini aujuaye usiku wa mgonjwa ni yule anayemuuguza. Kazi ya mikono nayo ni mchango, na iandikwe.

Basi ndugu wagawane majukumu mapema: nani apokee kodi, nani asimamie matengenezo, nani akae na mama na nani ampokee zamu. Aliyekabidhiwa kazi aachwe aifanye kwa namna yake, mradi ifanyike. Na kila baada ya miezi 3 daftari lifunguliwe mbele ya wote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba za urithi, undugu nao hupotea vivyo hivyo. Mkubwa anayetaka heshima na afungue daftari kabla hajaulizwa. Na mdogo anayetaka hesabu na aje pia siku bati linapovuja.