Mkimbiaji wa tano
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kasongo)

 

Mwezi uliopita tuliachana hapa na swali moja bila jibu. Kasa yetu ni ndogo, na watoto wa kusaidia masomo ni wengi. Mzee wetu mmoja alisema: tusaidie wale wanaoshika nafasi ya kwanza darasani, wengine wangoje. Siku ile nilinyamaza. Leo naomba nijibu, na nitajibu kwa habari ya mkimbiaji mmoja.

Anaitwa Lopez Lomong. Alizaliwa Kimotong, katika nchi inayoitwa leo Sudan Kusini. Mwaka 1991, akiwa na miaka sita, watu wa silaha walimkamata kanisani pamoja na watoto wengine. Vijana watatu wakubwa kuliko yeye walimtorosha usiku. Walikimbia siku tatu hadi wakaingia Kenya. Akaishi katika kambi ya Kakuma miaka kumi. Kule kambini watoto walikuwa wengi kuliko mpira, kwa hiyo wakubwa waliweka sharti: anayetaka kucheza azunguke kambi kwanza kwa mbio, karibu kilometa 30.

Mwaka 2001 alipelekwa Marekani, akapokelewa na familia moja ya Tully, katika jimbo la New York. Yeye alipenda mpira, lakini shuleni walimwingiza katika ekipe ya mbio za nyika. Mbio hizo hazikimbiwi uwanjani, zinapita kwenye vilima, majani na matope, kama njia zetu za kwenda Kabambare wakati wa mvua.

Sasa sikilizeni namna wanavyohesabu. Kila ekipe inaleta wakimbiaji saba. Wanachukua nafasi za watano wa kwanza wa ekipe, wanazijumlisha, na ekipe yenye jumla ndogo ndiyo inashinda. Tuseme ekipe moja imeshika nafasi ya 1, 2, 3, kisha 40 na 60. Jumla ni 106. Ekipe nyingine haina mtu hata mmoja kati ya tisa wa kwanza. Wao wameshika 10, 12, 14, 16 na 18. Jumla ni 70. Ekipe hii ya pili ndiyo imeshinda! Mwalimu mwenye akili hamwangalii tu yule wa mbele. Anarudi nyuma kumtafuta wa tano.

Lomong aliendelea hadi universite, kwanza Norfolk State, halafu Northern Arizona, kwenye milima ya Flagstaff. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa universite za Marekani katika mita 1,500. Mwaka ule ule alipata uraia, na mwaka 2008 alibeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2019, kule Doha, alikuwa wa 7 duniani katika mita 10,000.

Najua mtaniambia: kijana huyo alikuwa wa kwanza, si wa tano. Hapana, wandugu. Usiku ule wa kutoroka alikuwa wa mwisho. Alikuwa mdogo kuliko wote, miguu imechubuka. Kama vijana wale watatu wangesema "tuokoe wenye mbio tu", dunia isingemjua. Hawakumpima. Walimshika mkono. Hata kwao, wazazi walihesabu amekufa, wakamfanyia kaburi. Aliporudi mwaka 2007, alikuta kaburi lake mwenyewe.

Hapa kwetu pia tuko na watoto ambao tumewafanyia kaburi wakiwa hai. Mtoto amerudi na miaka kumi na nne, anapaswa kukaa darasa la tatu, anaona haya, anaenda kwenye mashimo ya dhahabu. Sisi tunasema: huyu, masomo yamekwisha.

Mimi mwenyewe niliporudi toka Tanzania, shule moja ilinikataa juu ya kukosa biletini. Jirani yetu, mama mmoja muuza mihogo, alinishika mkono akanipeleka shule nyingine, akalipa mwezi wa kwanza. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa 23 darasani. Kwa kipimo cha mzee wetu, nisingesaidiwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Moja, tuandike majina ya watoto wote waliorudi, hata wakubwa, na wale wasio na biletini tuwasindikize kwa direkta sisi wenyewe, watu wazima wawili kwa kila mtoto. Hilo halidai hata franka moja. Pili, feza ya kasa tuigawe kwa kuanzia na yule aliye karibu kuacha shule, si yule aliye mbele.

Mzee wangu, unisamehe kama nimekujibu mbele ya watu. Wewe ndiye ulinifundisha kwamba njiani anayengojewa ni wa nyuma.